Bango la duka Mbezi Luis: Kibali kwanza, rangi baadaye

UKISHUKA kwenye daladala pale Mbezi Luis, macho yanaanza kusoma kabla miguu haijakanyaga chini. Vifaranga wa siku moja wanapatikana. Miche ya matunda, ingia ndani mita 200. Fundi pampu. Chumba na sebule, piga namba hii. Maziwa freshi. Mengine yameandikwa kwa brashi juu ya kipande cha bati, mengine yamechapwa kwenye turubai gumu na kubanwa kwenye fremu ya chuma, na yako yaliyoandikwa ukutani kwa mkaa.

Hamu ya kuonekana imeongezeka tangu kituo kikuu cha mabasi ya mikoani kilipohamishwa kutoka Ubungo kuja hapa. Kituo hicho, kinachoitwa Kituo cha Mabasi cha Magufuli, kilizinduliwa Februari 24, 2021. Abiria anayeteremka kutoka Mbeya, Dodoma au Arusha hajui genge lako liko wapi. Atakwenda palipoandikwa. Kwa hiyo muuza mchele anataka bango, mama lishe anataka bango, na mfugaji wa kuku aliyeko ndani kabisa Makabe au Mpiji Magohe naye anataka kibao kando ya lami cha kumwelekeza mteja.

Tatizo ni kwamba wengi wetu tunaanza na fundi wa kuandika, tunamaliza na ofisa wa serikali. Ilitakiwa iwe kinyume chake. Na gharama ya kugeuza mambo hivyo naijua, kwa sababu imenikuta.

Yaliyonikuta

Dada yangu alifungua duka la vyakula vya mifugo katika eneo moja la pembezoni mwa Jiji. Pumba, mashudu, chakula cha vifaranga, chokaa ya kuku. Mtaji ulikuwa wa kuchangishana, na mimi nikajitolea kulipia bango. Tulimtafuta kijana mmoja hodari wa brashi, akatuandikia ubao wa futi 4 kwa 8, pande zote mbili, na picha ya jogoo mwekundu ambaye hata watoto wa shule walikuwa wanasimama kumtazama. Tukausimika kwenye nguzo mbili karibu na barabara ili hata mwenye gari auone.

Wiki ya tatu akaja mtu na kitabu cha stakabadhi. Akasema, "Mama, hili bango halijalipiwa." Dada akamwambia subiri kaka yangu aje. Mimi nilipofika nikakuta mazungumzo yameshafika mahali pa kupunguziana. Tukampa fedha taslimu, akaandika karatasi kwa kalamu ya wino, akaaga vizuri kabisa.

Miezi miwili baadaye bango likang'olewa. Si letu peke yetu, ni mstari mzima. Tulipokwenda kuuliza tukiwa tumeshika ile karatasi, tuliambiwa mambo mawili. La kwanza, karatasi ile haitambuliki. La pili, hata ingekuwa halali isingetusaidia, kwa sababu nguzo zetu zilikuwa zimesimama ndani ya hifadhi ya barabara. Yule jogoo mwekundu hatukumwona tena.

Tulipoteza ubao, rangi, nguzo, saruji, ufundi na ile fedha ya mfukoni. Lakini kilichomuuma zaidi dada yangu ni wateja. Watu waliozoea kutafuta jogoo walipita moja kwa moja, wakidhani duka limefungwa.

Milango mitatu

Kosa letu lilikuwa kudhani bango lina bwana mmoja. Kwa kawaida lina mabwana watatu, na ruhusa ya mmoja haizibi nafasi ya mwingine.

Wa kwanza ni halmashauri. Mbezi Luis zamani ilikuwa chini ya Manispaa ya Kinondoni. Manispaa ya Ubungo ilipomegwa kutoka Kinondoni mwaka 2016, Mbezi, Kibamba, Msigani, Goba na jirani zake zikaenda huko, na ofisi za Manispaa hiyo ziko Luguruni, Kibamba. Halmashauri inapata nguvu ya kutoza ada ya mabango kutoka Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa ya mwaka 1982, na viwango vyake huwekwa kwenye sheria ndogo zinazotangazwa katika Gazeti la Serikali. Halmashauri hiyo hiyo ndiyo mamlaka ya upangaji wa mji. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inataka tangazo la nje lipate idhini kabla ya kuwekwa. Kwa hiyo hapo kuna mambo mawili ndani ya nyumba moja: kibali cha kuweka, na ada ya kulipa. Mtu anaweza kuwa na kimoja akakosa kingine.

Kwenye suala la ada watu wengi walichanganyikiwa, na si kosa lao. Kuanzia mwaka wa fedha 2017/18 kazi ya kukusanya ada za mabango ilitolewa kwa halmashauri ikapelekwa Mamlaka ya Mapato Tanzania, TRA, pamoja na kodi ya majengo. Baadaye ikarudishwa kwa halmashauri. Mfanyabiashara aliyeweka bango lake mwaka 2016 na bado analo amekwisha kuona wakusanyaji wa aina mbili, na kila mmoja na makaratasi yake. Ndiyo maana nasema stakabadhi za zamani usizitupe. Ziweke kwenye mfuko wa plastiki pamoja na leseni.

Bwana wa pili ni mwenye barabara. Barabara kuu na za mkoa ziko chini ya Wakala wa Barabara, TANROADS. Barabara nyingine za mijini na vijijini, zikiwamo zile za mitaani kwetu, ziko chini ya TARURA, wakala ulioanzishwa mwaka 2017. Kabla ya hapo barabara za mitaa zilikuwa mikononi mwa halmashauri yenyewe, na hapo ndipo mazoea ya watu yalipokwama. Mtu bado anadhani akishamalizana na manispaa amemalizana na barabara.

Bwana wa tatu ni mwenye nyumba au kiwanja. Huyu tunamsahau kwa kuwa tunamlipa kodi ya fremu kila mwezi na tunadhani ukuta umo humo humo. Haumo, labda mkataba useme hivyo. Nimeshuhudia mpangaji aliyefunga bango kubwa juu ya paa, mwenye nyumba akalikodisha paa hilo hilo kwa mtu mwingine.

Hifadhi ya barabara ina urefu wa uwanja wa mpira

Hapa ndipo penye maumivu ya watu wa Mbezi, na panastahili kuelezwa taratibu.

Kwa mujibu wa Sheria ya Barabara ya mwaka 2007, hifadhi ya barabara kuu na za mkoa kwa ujumla ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Zamani ilikuwa mita 22.5. Wale waliokuwa wamejenga kihalali kati ya mita 22.5 na 30 ndio wanaosemwa kuwa walifuatwa na barabara, na majengo yao huwekwa alama ya X ya kijani, maana yake wanastahili fidia. Alama ya X nyekundu maana yake wewe ndiye uliyeifuata barabara, na hapo hakuna fidia.

Lakini Barabara ya Morogoro katika upande wetu huu si barabara ya mita 30. Hifadhi yake kuelekea Kibaha imehesabiwa kuwa mita 121.5 kila upande, kwa msingi wa sheria iliyoanzia enzi za mkoloni, mwaka 1932. Mita 121.5 ni zaidi ya urefu wa uwanja wa mpira wa miguu. Ukisimama katikati ya barabara pale Mbezi Luis na kuhesabu urefu huo kwa hatua, utapita maduka ya mstari wa mbele, utapita ya mstari wa pili, na huenda ukaingia uani kwa mtu.

Mwaka 2017 nyumba, maduka, vituo vya mafuta na nyumba za ibada vilivyokuwa ndani ya eneo hilo kuanzia Kimara kuelekea Kibaha vilivunjwa ili kupisha upanuzi wa barabara ya njia nane kutoka Kimara hadi Kibaha, yenye urefu wa kilometa 19.2. Wengi walikuwa na stakabadhi za kila namna: za kodi ya majengo, za maji, za umeme, za leseni ya biashara na za mabango. Stakabadhi zile hazikuzuia greda.

Somo lake kwa mwenye bango ni hili. Halmashauri inaweza kupokea ada ya bango lako kwa sababu lipo na linatangaza biashara. Kupokea huko hakukupi haki ya ardhi lililosimama juu yake. Mwenye barabara akisema ondoa, utaondoa. Kwa hiyo kabla ya kuchimba shimo la nguzo, waulize watu wa TANROADS au TARURA, kutegemea barabara yako ni ya nani, mpaka wa hifadhi uko wapi. Angalia pia vigingi vya mpaka vilivyowekwa ardhini. Kama huna uhakika, bandika bango kwenye ukuta wa duka wala usisimike nguzo. Bango la ukutani duka likihama unalibeba. Nguzo iliyomwagiwa zege unaiacha.

Wamachinga nao walipata somo la namna hiyo. Vitambulisho vya wajasiriamali wadogo vya sh. 20,000, vilivyoanza kutolewa Desemba 2018 kwa wenye mauzo yasiyozidi sh. milioni 4 kwa mwaka, viliwapa ahueni ya usumbufu wa ushuru wa kila siku. Wengi wakajenga vibanda, wakaweka na mabango. Oktoba 2021 Jiji lilipowaondoa pembezoni mwa barabara, vibanda na mabango vilikwenda pamoja. Kitambulisho kilikuwa cha mtu, hakikuwa cha mahali.

Hesabu ya futi za mraba

Ada ya bango hukokotolewa kwa ukubwa wake na aina yake. Lenye taa hutofautishwa na lisilo na taa, na bango la kuelekeza au jina la biashara huweza kuwa na kiwango chake mbali na tangazo la bidhaa. Kiwango cha halmashauri yako kiulize kwa ofisa biashara na uombe kuona sheria ndogo yenyewe. Usikubali cha kuambiwa mlangoni.

Tuchukue mfano. Tuseme kiwango ni sh. 10,000 kwa futi moja ya mraba kwa mwaka. Namba hii nimeichagua kwa sababu ni nyepesi kuhesabu tu. Ubao wetu wa jogoo, futi 4 kwa 8, ulikuwa na futi za mraba 32. Hiyo ni sh. 320,000. Kama kila upande ulioandikwa unahesabiwa, inakuwa futi 64 na sh. 640,000. Sasa tungeukata ubao ule nusu kwa kila upande, uwe futi 2 kwa 4 na kuandikwa upande mmoja. Eneo lake ni futi 8 tu, na ada ni sh. 80,000. Ukipunguza urefu nusu na upana nusu, ada haishuki hadi nusu. Inashuka hadi robo.

Tazama sasa kwa upande wa biashara. Kama dada yangu alikuwa anapata faida ya sh. 2,000 kwa kila mfuko wa chakula cha kuku, bango la sh. 320,000 lingemtaka auze mifuko 160 kabla hajala hata shilingi moja ya jasho lake. Bango dogo lingetaka mifuko 40. Jogoo alikuwa mzuri, lakini hakuwa na thamani ya mifuko 120 ya ziada. Hesabu hii hatukuifanya. Tulishindana na jirani kwa ukubwa wa ubao.

Jambo jingine ni kipimo. Mita moja ya mraba ina futi za mraba kama 10.76. Kwa hiyo kiwango kilichoandikwa kwa mita kikitozwa kwa futi, unalipa zaidi ya mara 10 ya unachopaswa. Sidai kwamba watu hufanya hivyo kwa makusudi. Nasema tu uwe na futi kamba yako, upime mwenyewe, uandike vipimo kwenye barua ya maombi, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa mapokezi.

Bango la bure

Kuna bango ambalo halikugharimu kitu. Anakuja kijana wa kampuni ya soda, au ya simu, au ya rangi za nyumba. Anakwambia watakupakia rangi duka zima na jina lako litaandikwa juu. Unafurahi. Wiki ile ile duka linang'aa kwa rangi za kampuni kutoka msingini hadi kwenye paa, na jina lako liko pembeni kwa herufi za ukubwa wa kiganja.

Halafu anakuja mkusanyaji. Ukuta mzima ni tangazo, na ukuta una futi za mraba nyingi kuliko ubao wowote. Nani analipa? Kampuni nyingi kubwa hulipia matangazo yake zenyewe, lakini kijana aliyekuja na ndoo ya rangi siye aliyeshika daftari la malipo. Ukiwa huna karatasi, anayekutwa mlangoni ni wewe.

Kabla ya kukubali, omba barua fupi kutoka kampuni husika inayosema ni nani mwenye jukumu la kibali na ada, na kwa muda gani. Barua yenye nembo na saini. Wakikataa kukupa barua, kataa rangi. Najua ni vigumu, maana ukuta uliokwanguka plasta unatamani rangi yoyote. Lakini rangi ya kununua mwenyewe, debe moja, ni nafuu kuliko deni la ukuta wa mtu mwingine.

Mfugaji na kibao cha njia panda

Wasomaji wetu wakulima na wafugaji wana shida yao tofauti. Biashara yao iko shambani, mteja yuko barabarani. Bila kibao pale inapoanzia njia ya kwenda Goba au Malamba Mawili, nani atajua kuna miche ya maembe na parachichi kilometa 2 ndani?

Njia rahisi inayotumika ni kugongomelea kibao kwenye mti au kukifunga kwenye nguzo ya umeme. Nguzo ni mali ya shirika la umeme na fundi anayepanda anaweza kujeruhiwa na misumari yako. Mti wa kando ya barabara nao una mwenyewe. Na kibao kilichowekwa kwenye nguzo ya alama ya barabarani, au kinachomziba dereva asione anayetoka njia ya pembeni, ni hatari kwa maisha ya watu, pamoja na mteja wako mwenyewe.

Kuna namna ya kupunguza gharama ambayo naona haijatumika vya kutosha. Wafugaji watano au sita wa njia moja wanaweza kuomba kibali cha kibao kimoja cha kuelekeza, kila mmoja akawa na mstari wake: mayai, vifaranga, maziwa, miche, mbuzi. Ombi ni moja na nguzo ni moja. Ada inagawanywa. Na ofisa anayeombwa kibali kimoja safi huwa na sababu chache za kukataa kuliko anayeona vibao kumi vya mabati vimeinama kila upande. Ongeeni na mtendaji wa mtaa awaandikie barua ya utambulisho. Kama mna kikundi kilichosajiliwa, barua iende kwa jina la kikundi.

Wengine wameamua kuachana na kibao kabisa. Wanaweka makubaliano na mwenye duka la dawa za mifugo karibu na kituo, anawaelekeza wateja na wao wananunua dawa kwake. Hakuna ada inayotozwa kwa maneno ya mdomo.

Ulichoandika kitakuuliza

Bango linasomwa na wateja, na linasomwa pia na wakaguzi. Ukiandika pembejeo, mkaguzi wa mbegu atauliza kama umesajiliwa na TOSCI, wa mbolea atataka kibali cha TFRA, na wa viuatilifu atauliza cha TPHPA. Ukiandika tiba asili, kuna sheria ya mwaka 2002 ya tiba asili na tiba mbadala inayotaka uwe umesajiliwa na baraza lake. Mtu anayeuza pumba na mashudu peke yake, akajiandikia pembejeo zote za kilimo na mifugo kwa kutaka sifa, amejiletea ugeni asioutarajia. Andika unachouza.

Na jina. Kama unatumia jina la biashara ambalo si jina lako mwenyewe, linatakiwa lisajiliwe BRELA, na siku hizi maombi hufanyika kwa njia ya mtandao. Gharama yake kwa mfanyabiashara mdogo haifiki hata bei ya bango la wastani. Fanya hivyo kabla ya kumwita fundi. Kuna uchungu wa pekee wa kuambiwa jina uliloandika kwa rangi nyekundu lina mwenyewe tangu miaka mitano iliyopita.

Jinsi ya kuomba

Andika barua ya maombi kwa mkurugenzi wa halmashauri, ipitie kwa mtendaji wa mtaa na wa kata. Kwa kawaida utaombwa mchoro wa bango wenye vipimo, maneno yatakayoandikwa, picha ya mahali litakapowekwa, nakala ya leseni ya biashara na namba ya mlipakodi, pamoja na ridhaa ya maandishi ya mwenye nyumba. Kama ni la nguzo karibu na barabara, ongeza barua ya mwenye barabara. Leseni za biashara za halmashauri sasa huombwa kupitia mfumo wa Tausi wa TAMISEMI. Uliza kama na kibali cha bango halmashauri yako inakipokea humo, usije ukafunga safari ya Luguruni bure.

Malipo yafanywe kwa namba ya malipo ya Serikali, ile ambayo wote tumezoea kuiita kontroli namba, kupitia benki au simu. Ujumbe unaorudi kwenye simu uhifadhi, na stakabadhi ichapishwe. Mtu anayekuja na kitabu na kalamu ya wino, hata akiwa mpole kiasi gani, mwombe kontroli namba. Akiwa wa kweli atakupa. Sisi tusingepoteza ile fedha kama dada angeuliza swali hilo moja.

Uliza pia ada inahesabiwa kwa mwaka wa fedha wa Serikali, yaani Julai hadi Juni, au kwa miezi 12 tangu siku ya kibali. Mtu anayeweka bango Mei akalipa mwaka mzima, kisha Julai akadaiwa tena, huona kama ameonewa. Wakati mwingine angeweza tu kusubiri wiki chache.

Ukubwa si ujanja

Mwaka 2007 jiji la São Paulo nchini Brazil lilianza kutekeleza sheria iliyopitishwa mwaka uliotangulia, ikapiga marufuku mabango yote ya matangazo ya kibiashara barabarani. Maduka yaliachiwa majina yao tu, kwa vipimo. Duka lenye upana wa mbele usiofika mita 10 lilipewa bango lisilozidi mita za mraba 1.5. Wafanyabiashara walilalamika. Lakini wateja waliendelea kuyapata maduka, maana kila jirani naye alikuwa amepunguziwa bango kwa sheria hiyo hiyo.

Sishauri Ubungo ifanye hivyo. Mwenye genge wa Mbezi hana njia nyingine ya kujitangaza kama kampuni zenye redio na televisheni. Ninachoona ni kwamba kiwango cha ada kingeweza kumtofautisha mwenye ubao wa futi 8 za kujitambulisha na mwenye bango la futi mamia la kampuni, na halmashauri ambazo bado hazijafanya hivyo vya kutosha zina nafasi ya kurekebisha. Sheria ndogo haipitishwi gizani. Wananchi wanatakiwa kutangaziwa na kupewa nafasi ya kutoa maoni kabla haijapelekwa kwa waziri kuidhinishwa. Tangazo hilo hubandikwa kwenye mbao za ofisi za kata na mitaa, ambazo wengi wetu tunazipita tukikimbilia sokoni. Diwani wako ndiye anayepiga kura. Mpelekee hesabu ya mifuko 160, ataielewa.

Dada yangu ana bango jipya sasa. Ni bati la futi 2 kwa 4, limefungwa kwa boliti kwenye ukuta wa fremu aliyohamia, na mwenye nyumba ameweka saini. Kibali kimekunjwa ndani ya daftari la madeni. Kijana wa brashi alipouliza kama amchore tena jogoo, dada alipima nafasi iliyobaki kwa vidole, akamwambia amchore kifaranga.